Datsun 240Z ya kasi kwenye joto la Dar: kwa nini injini ije mwisho

Mwaka 1971 Datsun 240Z ilishinda mbio za East African Safari, Edgar Herrmann akiwa kwenye usukani na Hans Schüller akimsomea njia. Mwaka 1973 aina hiyo hiyo ya gari ikashinda tena, safari hii ikiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews. Ushindi wa Mehta ulikuwa wa chupuchupu. Yeye na Harry Källström, aliyekuwa kwenye Datsun 1800, walimaliza wakiwa na pointi za adhabu sawasawa, ikabidi kanuni ya kuvunja sare iamue. Mbio zenyewe zilikuwa za maelfu ya kilomita kupitia Afrika Mashariki, tena wakati wa Pasaka, masika yakiwa yamebisha hodi: saa hii vumbi, saa inayofuata tope la kufika kwenye milango.

Nayataja haya kwa sababu kila anayetaka kuichukua Z ya zamani na kuifanya iwe na nguvu kuliko ilivyotoka kiwandani huanza na swali lile lile: niweke injini gani? Ukikaa na vijana wa magari pale Kinondoni au Sinza, mazungumzo yote yatakuwa injini za RB za Nissan, JZ za Toyota, turbo moja au mbili. Lakini zile Z za Safari zilishinda kwa sababu bodi ilistahimili, breki zilishika, injini haikuchemka na kila kilicholegea kiliweza kukazwa porini. Kasi waliipata kwa gari ambalo halikusimama njiani. Kwa Dar es Salaam, yenye joto, chumvi ya bahari, foleni na matuta, naamini kazi inapaswa kupangwa kinyume na mazungumzo ya kijiweni: bodi kwanza, breki na upozaji vifuate, injini ije mwisho. Nitaeleza sababu.

Gari lenyewe

Z hii ilianza kuuzwa Japani mwishoni mwa 1969 kwa jina la Fairlady Z, na 240Z ndilo jina lililojulikana zaidi nje. Viti viwili, boneti refu, injini mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Injini yake, L24, ina silinda sita kwenye mstari mmoja, cc 2393, kamshafti moja juu na kabureta mbili. Kwa soko la Marekani ilitangazwa kuwa na nguvu farasi 151, ila hicho ni kipimo cha zamani, injini ikiwa kwenye stendi bila kubeba vifaa vyake vyote. Ikiwa ndani ya gari, namba hushuka. Siri ya gari hili ni uzito: karibu kilo 1,040 tu. Toyota Mark II GX110, ile tunayoiita Grande, inazidi kilo 1,300. Juu ya hapo, kila gurudumu la Z lina springi na shokapu yake inayojitegemea, jambo ambalo magari mengi ya bei yake wakati ule hayakuwa nalo kwa nyuma.

Na wanaosema kuigusa Z ni kuivunjia heshima, wakumbuke kwamba Nissan wenyewe ndio walioanza. Walitoa Z432 kwa Japani, wakaipa injini ya S20 kutoka kwenye Skyline GT-R ya wakati huo: cc 1989, valvu nne kwa kila silinda, kabureta tatu, kamshafti mbili, ndiyo namba 432 yenyewe. Zilitengenezwa mia nne na ushee tu. Huko Marekani timu ya Pete Brock iliichukua 240Z ya kawaida, ikaitengeneza, na John Morton akatwaa nayo ubingwa wa daraja la C Production la SCCA, chama cha mbio za magari cha huko, mwaka 1970 na 1971. Kuiboresha Z ni utamaduni wenye umri sawa na gari lenyewe.

Nguvu ukiiongeza, inakwenda wapi?

Hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Nguvu ya injini lazima ipite klachi, gia boksi, shafti ya katikati, difu, ekseli, tairi, na hatimaye isukume bodi. Kila kiungo kilipimwa kiwandani kwa ajili ya L24. Ukiongeza nguvu mara mbili bila kugusa vingine, kilicho dhaifu zaidi kitakatika. Ukikibadilisha hicho, zamu inakuwa ya kinachofuata. Kwa Z, klachi huanza kuteleza, kisha msalaba wa shafti hulia, kisha difu ndogo, R180, huanza kulalamika. Mwisho wa mlolongo ipo bodi, na bodi ya miaka zaidi ya hamsini haikatiki kwa kelele. Hupinda taratibu, milango ikaacha kufunga vizuri, kioo cha mbele kikapata ufa.

Kuna mlolongo wa pili usioonekana, wa joto. Kwa makadirio yanayokubalika, theluthi moja tu ya nishati ya petroli hugeuka kuwa kazi. Theluthi nyingine hutoka na moshi, na iliyobaki huingia kwenye maji ya rejeta na oili. Maana yake, injini inayotoa nguvu mara mbili inamwaga pia karibu mara mbili ya joto kwenye mfumo wa kupozea. Rejeta ya 1970, hewa ya nyuzi 32, foleni ya Buguruni: jibu unalijua.

Bodi: mahali ambapo pesa hazionekani

Chuma cha Z ni chembamba, na enzi zile kinga ya kutu ilikuwa hafifu hata kwa gari jipya. Maji hupenda kukaa chini ya betri, kwenye sakafu upande wa miguu, ndani ya reli zinazopita chini ya sakafu, kwenye vizingiti vya milango mbele ya tairi za nyuma, na kwenye kibakuli cha tairi la akiba. Ongeza hewa ya Masaki, Kunduchi au Kigamboni, ambako chumvi inatua juu ya chuma usiku kucha na unyevu haukauki hadi jua likolee. Bodi iliyolala huko miaka kadhaa inaweza kung'aa kwa nje huku reli zake zikitoboka kwa bisibisi.

Kwa hiyo kabla ya kununua, pita na sumaku ndogo. Pale inapokataa kushika pana puti, na puti nene huwa imeficha kitu. Lala chini, gonga reli kwa mpini wa bisibisi usikilize: chuma kizima kinaitika, kilichooza kinabwabwaja. Kisha pima. Umbali wa ekseli hadi ekseli ni milimita 2,305, na lazima ulingane kulia na kushoto. Pima pia mshazari chini ya gari, toka kona moja ya mbele hadi kona ya pili ya nyuma, halafu kinyume chake. Vipimo viwili vikitofautiana, gari liligongwa, na hakuna fundi wa wheel alignment atakayekunyooshea hilo kwa kufunga na kufungua nati.

Dar ina mafundi bodi hodari. Gerezani kuna watu wanaokunja bati kwa nyundo na macho yao hadi likae kama la kiwandani, na ningewapa kazi hii bila wasiwasi, kwa masharti mawili. La kwanza: sehemu iliyooza ikatwe yote hadi chuma kizima, kipande kipya cha unene ule ule kiungwe ukingo kwa ukingo. Kubandika bati jipya juu ya lililooza ni kuifungia kutu ndani iendelee kula. La pili: wachomelee kwa mashine ya MIG, nukta moja hapa, nyingine kule, wakiacha chuma kipoe. Joto la kuchomelea kwa gesi likikaa sehemu moja hulivimbisha bati jembamba, na hapo puti inarudi kwa mlango wa nyuma.

Kwa gari litakalopata nguvu nyingi, kuna hatua moja zaidi. Kiwandani mabati yaliunganishwa kwa nukta zilizoachana. Ukiongeza mistari mifupi ya kuchomelea katikati ya nukta hizo, hasa kuzunguka minara ya shokapu na reli za chini, bodi inakuwa ngumu kwa uzito mdogo sana ulioongezeka. Hapo springi na shokapu ndizo zinazofanya kazi badala ya bodi kujipindapinda. Baada ya hapo, ndani ya kila sehemu yenye uwazi ipulizwe nta ya kuzuia kutu na matundu ya kutolea maji yaachwe wazi. Mafundi wengi huziba matundu hayo wakidhani ni dosari.

Neno kuhusu mabomba ya usalama ndani ya gari. Kwenye mashindano, dereva akiwa na helmeti na mikanda ya pointi nyingi, yanaokoa maisha. Kwenye gari la kwenda nalo kazini, bila helmeti, bomba la chuma lililo karibu na kichwa linaweza kuua kwenye ajali ambayo ingeisha kwa nundu. Kama gari ni la barabarani, mabomba yabaki nyuma ya viti.

Breki

Nguvu ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi. Z ya kilo 1,050 ikienda kilomita 100 kwa saa imebeba takriban kilojuli 405. Kwa kilomita 200 kwa saa imebeba 1,620, mara nne. Yote hiyo lazima igeuke kuwa joto kwenye diski na drami. 240Z ilikuja na diski mbele na drami nyuma, zilizopimwa kwa nguvu ya 1970.

Habari njema ni kwamba dawa maarufu ya breki za mbele iko karibu nasi. Kalipa za Toyota Hilux ya four-wheel ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, zenye pistoni nne, zinaingia kwenye Z bila kazi kubwa, na wapenzi wa gari hili duniani kote wamezitumia kwa miongo. Zikiongezwa, masta silinda nayo ibadilishwe kwa kubwa zaidi, la sivyo pedali itazama. Kazi isiishie mbele tu, kwani uwiano wa mbele na nyuma ndio unaozuia matako ya gari kukupita kwenye kona yenye maji.

Ila kabla ya kalipa, badili oili ya breki. Oili hii hunyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu imejaa unyevu mwaka mzima. Oili mpya ya daraja la DOT 4 haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 230. Ikishanyonya maji, kiwango kinachokubalika hushuka hadi 155. Ikichemka, mvuke unajaa kwenye mipira, na mvuke unabanika: unakanyaga, pedali inafika chini, gari linaendelea. Kwa Dar, kila mwaka ni muda wa kutosha kuibadili, hata kama gari halikutembea.

Upozaji

Mwanzo wa tatizo ni foleni. Feni ya zamani inaendeshwa na mkanda wa injini, kwa hiyo injini ikiwa sailensa feni nayo inazunguka polepole, saa ambayo hakuna upepo wowote mwingine. Feni ya umeme yenye sensa yake huzunguka kwa kasi ile ile ukiwa umesimama Mwenge kama ukiwa unatembea. Ifungwe na kava linalofunika rejeta nzima, maana feni isiyo na kava huvuta hewa kwenye duara lake tu na kuziacha pembe bila kazi. Na kwa kuwa feni hizo zinakula umeme, alteneta ya zamani haitamudu. Iwekwe ya kisasa.

Kisha kuna suala la thermostati, ambalo nataka kulisema kwa sauti. Mazoea ya kuing'oa na kuitupa "kwa sababu huku ni joto" yanaua injini. Thermostati ikishafunguka, kazi yake ya kuzuia maji imekwisha, haipunguzi upozaji. Isipokuwepo, injini huchelewa kufika kwenye joto lake la kazi, petroli isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda, ringi zinalika. Kwenye injini nyingi thermostati hiyo hiyo hufunga pia njia ya mkato, kwa hiyo ukiiondoa, sehemu ya maji ya moto inazunguka kurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Mtu anaitoa ili gari lisichemke, na gari linachemka kwa sababu ameitoa.

Maji ya bomba nayo yaachwe. L24 ina bloku ya chuma na silinda hedi ya aluminiamu, na metali mbili tofauti ndani ya maji yenye chumvichumvi huliana. Dawa ya kupozea inakuwepo kwa ajili ya kuzuia hilo, hata sehemu ambayo barafu haijawahi kuonekana. Mwisho, kifuniko cha rejeta: kile cha shinikizo la bar 0.9 hupandisha kiwango cha maji kuchemka hadi karibu nyuzi 118. Springi yake ikichoka maji yanachemka kwa nyuzi 100 kama kwenye sufuria, na mwenye gari anabadili pampu, rejeta, hadi gasketi, kumbe ni kifuniko.

Sasa injini

Njia zipo tatu, na kila moja inafaa mtu wake.

Ya kwanza ni kubaki na ukoo wa L, ukakuza ujazo. L24, L26 na L28 zinafanana kwa nje. L24 ina kipenyo cha silinda cha milimita 83 na mwendo wa pistoni wa 73.7. L28, ya cc 2753, ina 86 kwa 79. Sasa Nissan walitengeneza pia L ya dizeli, LD28, ambayo kranki yake ina mwendo wa milimita 83, na kranki hiyo inaingia kwenye bloku ya L28 ya petroli. Bloku ikichongwa hadi milimita 89 na kuwekewa kranki ya dizeli, ujazo unafika karibu cc 3,100. Kuna hesabu ndogo lazima ikubali. Bloku ina urefu wa milimita 207.85 toka katikati ya kranki hadi juu. Toa nusu ya mwendo, 41.5. Toa koneksheni rodi za L24, zenye 133. Inabaki milimita 33 na kidogo kwa ajili ya pistoni, toka kwenye pini hadi kichwani. Pistoni za Nissan KA24E, zenye kipenyo cha 89, zinakaribia hapo, na ndiyo sababu mapishi haya yamedumu. Kinachobaki ni kupima kwa makini na kuchonga kidogo.

Hatari zake ni mbili. Kutoa milimita 3 kwenye kipenyo ni kupunguza milimita 1.5 kila upande wa ukuta wa silinda, na bloku iliyokula kutu kwa ndani inaweza kutoboka. Ukuta upimwe unene kwanza. Bloku yenye alama F54, ya 280ZX za mwisho, Z za kizazi kilichofuata, ndiyo inayopendwa kwa kazi hii. Ya pili ni mwendo wa pistoni. Kwa mizunguko 7,000, pistoni ya L24 huenda kwa wastani wa mita 17.2 kwa sekunde, ya mwendo wa 83 huenda mita 19.4. Injini hii ina mvuto mzito toka chini, kwa hiyo haihitaji kupigishwa kelele hadi mwisho. Kwa wanaouliza itapatikana wapi L28 Tanzania, wasiangalie magari ya michezo. Baadhi ya Nissan Patrol 160 za miaka ya 1980 zilikuja nayo ya petroli.

Ukubwa huo wa silinda na pistoni zenye kichwa bapa hupandisha pia mbano. Mbano ukizidi uwezo wa petroli, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati, unasikia injini ikigonga kama kokoto kwenye debe unapopanda kilima. Joto la Dar linaongeza hatari hiyo. Ningebaki kwenye uwiano wa 10 kwa 1 au chini yake kidogo, nikachukua hewa ya injini nje ya boneti badala ya kule ndani ambako kunaunguza.

Njia ya pili ni RB, injini ya Skyline. RB26DETT ya mwaka 1989, cc 2568 na turbo mbili, ni ndugu wa damu: kipenyo 86, mwendo 73.7, sawa na mwendo wa L24. Inapendeza moyo. Lakini hapa kwetu Skyline ni chache, na injini isiyokuwa na wenzake barabarani ni injini ambayo sensa moja ikifa gari linakaa miezi likisubiri kifurushi.

Ya tatu ni 1JZ-GTE ya Toyota, cc 2492. Ile ya kuanzia 1996, yenye turbo moja na VVT-i, mfumo wa kubadili muda wa valvu, ilitangazwa kuwa na nguvu farasi 280 na mvuto wa Nm 378 kwenye mizunguko 2,400 tu. Ndani ya Z iliyofika kilo 1,100, hiyo ni farasi mmoja kwa kila kilo nne, wakati gari la awali lilikuwa na mmoja kwa kilo saba. Na JZ ina wenzake wengi Dar. Fundi anayeijua yupo karibu kila gereji, vipuri vipo Ilala, na ukiuliza plagi zake hakuna anayeshangaa. Angalizo: Grande nyingi barabarani zina 1G-FE ya cc 1988, au 1JZ isiyo na turbo. Usinunue injini kwa maneno. Soma maandishi kwenye bloku.

Kazi ya kweli ya kubadili injini ni ya pembeni. Sampu ya oili isigongane na boriti ya mbele. Mkono wa gia utokee kwenye tundu lake. Waya zote za kompyuta ya injini zifungwe upya na fundi umeme anayesoma mchoro, asiyebahatisha kwa taa ya majaribio. Tangi lipewe pampu ya shinikizo na mrija wa kurudisha mafuta. Na kwa kuwa magari mengi ya mtumba tunayoleta ni otomatiki, gia boksi ya mkono yenye uwezo, R154 ya Toyota, itakuwa ngumu kupata kuliko injini yenyewe. Itafute kwanza. Kwa nyuma, difu kubwa zaidi, R200 ya 280Z, inachukua nafasi ya R180 bila ubishi mkubwa.

Msimamo wangu ni huu. Kama Z imefika kwako ikiwa na injini yake ya awali na namba zinazolingana na kadi, baki na L. Ijenge ile ya cc 3,100, na L24 uihifadhi imefungwa vizuri, ikiwa imelowekwa oili. Gari kama hilo likikatwa reli ili JZ ienee, hakuna wa kulirudisha. Kama bodi ilikuja tupu, injini ilishapotea zamani, basi hakuna kinachosalitiwa. Weka 1JZ na uendeshe.

Urefu, matuta na mlima

Kushusha gari kunalipendeza macho, lakini Z ikishushwa mno, mikono ya chini ya shokapu inainama kuelekea juu na gari linaanza kulala kwenye kona kuliko lilivyokuwa kabla. Pia tairi hubadili mwelekeo lenyewe kila linapopanda na kushuka. Kwa matuta yetu ningeshusha kidogo tu, nikaweka shokapu nzuri na bushi mpya. Bushi mpya peke yake hubadilisha gari hili kuliko watu wanavyotegemea.

Wanaobaki na kabureta, tatu za Weber au Mikuni, wajue kwamba jeti zilizopangwa Dar zimepangwa kwa usawa wa bahari. Ukipanda hadi Iringa au Mbeya hewa inakuwa nyepesi, petroli inazidi, moshi unakuwa mweusi na plagi zinajaa masizi. Kule Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya bahari, injini yoyote isiyo na turbo imepoteza takriban sehemu moja ya sita ya nguvu zake. Beba seti ya pili ya jeti kwenye begi, au weka nozeli na kompyuta inayopima hewa yenyewe. Turbo haipati shida hiyo sana, na kwa anayesafiri Nyanda za Juu mara kwa mara hiyo ni hoja nzito upande wa 1JZ.

Karatasi

Gari la umri huu likiingizwa nchini hutozwa ushuru wa ziada kwa sababu ya uchakavu, na hesabu hiyo ifanywe kabla ya kulipia meli, kwani inaweza kubadili uamuzi mzima. Kadi ya gari ina namba ya chesisi, namba ya injini, ujazo na rangi. Ukibadili injini au rangi, taarifa zipelekwe TRA zirekebishwe, ukiwa na risiti ya injini na hati ya forodha ya gari ambalo injini hiyo ilitoka. Bila hivyo trafiki akifungua boneti utakuwa na maelezo marefu, na siku ya kuuza mnunuzi makini ataondoka. Bima nayo iandikwe upya, itaje injini iliyopo na thamani halisi ya gari lililojengwa, pamoja na picha za kila hatua ya kazi. Bima iliyokatwa kwa 240Z ya cc 2393 inaweza kukataa kulipia gari lililoungua likiwa na 1JZ.